Mahojiano ya udaktari hayataki majibu ya kukariri

Hapa Kenya tumezoea kwamba gredi za KCSE ndizo huamua ni nani atakayesomea udaktari katika chuo kikuu cha umma. KUCCPS, shirika linalowagawia wanafunzi nafasi vyuoni, halikuiti kukuuliza kwa nini unataka kuwa daktari. Ukipeleka maombi Uingereza, basi, utakumbana na vizingiti viwili ambavyo shule haikukutayarishia: mtihani wa UCAT na mahojiano.

UCAT ulianza mwaka wa 2006 ukiitwa UKCAT. Hauulizi bayolojia wala kemia, na hapo ndipo wanafunzi hodari hujikwaa. Hupima wepesi wa kuelewa maandishi, kukata shauri, kupiga hesabu, na jinsi ungetenda kazini. Sehemu ya kusoma pekee ina maswali 44 ya kujibiwa kwa dakika 22, yaani nusu dakika kila swali! Jibu lisilo sahihi halikupunguzii alama, kwa hivyo usiache pengo. Jambo la kuchunga zaidi ni kwamba unaruhusiwa kuufanya mara moja tu kwa mwaka. Ukiuharibu mwezi wa Agosti, utangoja mwaka mwingine. Jizoeze mapema kwa mitihani ya mfano ambayo wenyewe huitoa bure, saa ikiwa mezani. Kumbuka pia kwamba maombi ya udaktari hufungwa Oktoba 15.

Ukipita hapo, utaitwa kwa mahojiano. Oxford na Cambridge bado hukuketisha mbele ya jopo, lakini vyuo vingi hutumia mtindo uitwao MMI, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, mapema miaka ya 2000. Unapita kituo baada ya kituo, dakika chache kila kimoja, na kila kimoja kina mtahini wake. Ukiteleza cha kwanza, wa cha pili hana habari.

Kwa mfano, unaingia na kumkuta mwigizaji aliyejifanya mgonjwa, amefura kwa hasira kwa kuwa amengoja saa tatu. Wengi hukimbilia kueleza kwa nini daktari amechelewa. Afadhali umwache aseme, umpe pole, kisha umuulize kinachomsumbua. Au unaulizwa ungefanya nini mwanafunzi mwenzako akiingia wodini akinuka pombe. Anza na usalama wa wagonjwa, ndipo uje kwa rafiki yako.

Mambo haya hayakaririwi. Mwombe shangazi au jirani aigize mgonjwa huyo mkali, nawe ujibu kwa sauti. Utaona aibu siku ya kwanza. Afadhali uione nyumbani.

Na lile jibu la "nataka kusaidia watu"? Watahini wamelisikia hadi limewachosha. Mwalimu husaidia watu, fundi wa mabomba pia. Jitolee katika zahanati au makao ya wazee, kisha useme ulichokiona: pengine muuguzi akimrudia mzee maagizo ya dawa mara nne bila kukasirika, na wewe ukafikiria nini. Wanaouza majibu yaliyopikwa tayari hawawezi kukupa hilo, hata mzazi alipe kiasi gani.

Baadhi ya vyuo huwahoji walio ng'ambo kwa video. Jaribu mitambo siku moja kabla, na utafute mahali pa kimya ambapo stima haipotei.