Mvi Si Deni: Somo Nililolipata kwa Bibi, Chinongwe

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya sendofu ya rafiki yangu kipenzi. Nimekaa kwenye kiti cha saluni, taulo shingoni, simu mkononi. Dada anayenitengeneza nywele akainama akaninong'oneza sikioni, "Dada, huku nyuma zimerudi tena."

Hakuhitaji kutaja ni nini. Nina miaka 36, na kwa miaka minne nimekuwa nikificha mvi zangu kama mtu anayemkwepa mdai. Nikamwambia apake rangi, tena nyeusi tii, kwa sababu usiku ule nilikuwa napiga picha na watu niliosoma nao chuo.

Sendofu ilipendeza. Mimi sikuimaliza. Saa nne usiku kichwa kilikuwa kinawaka, na asubuhi kope zilivimba hadi nikashindwa kufungua jicho moja. Daktari aliniambia ni mzio wa rangi ya nywele, akanikataza kuigusa tena. Tukiwa kwenye gari kurudi nyumbani, mume wangu akasema kwa utani wake wa siku zote, "Mama, si uziache tu? Tumeanza kuzeeka."

Yeye alisema "tumeanza". Mimi nikasikia "umezeeka". Siku tatu nzima tulisalimiana kama wapangaji.

Mpenzi msomaji, hebu tuambizane ukweli. Ni mara ngapi umemwambia mtu umri wako ukapunguza miaka miwili? Ni mara ngapi umeifuta picha kwa sababu ya mstari mmoja pembeni ya jicho? Wengi wetu akina dada wa mjini, tukishavuka thelathini, tunahesabu siku ya kuzaliwa kama mtu anayehesabu hasara. Na akina kaka msicheke, yenu nimeyaweka huko chini.

Safari ya kwenda kuonwa

Miezi miwili baadaye mama akanipigia simu. Bibi mzaa mama, aliyeko Chinongwe, alikuwa ametolewa mtoto wa jicho. Amepona, na sasa anataka kuwaona watu wake mmoja mmoja. "Anasema anaanza na wewe," mama akaniambia.

Sikuwa nimefika kijijini tangu nilipoolewa, miaka mitano iliyopita. Nikapanda basi alfajiri. Tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, ambalo tangu lilipofunguliwa mwaka 2003 limewaondolea watu wa kusini adha ya kusubiri kivuko. Tukafika Mnazi Mmoja ya Lindi, tukaiacha barabara ya Mtwara tukashika ya Masasi, halafu tukaingia ndani kwenye nchi ya mikorosho, upande wa Ruangwa, jirani na Nachingwea. Njia nzima nilikuwa na kilemba kichwani. Unajua kwa nini.

Bibi alikuwa amekaa mkekani chini ya mwembe. Akanishika mashavu kwa mikono miwili, akanitazama muda mrefu kwa lile jicho lake jipya. Kisha akakivua kilemba changu taratibu. Mvi zilikuwa zimeshatoka kama kidole kimoja, mbele na pembeni. Nikasubiri anihurumie.

Akacheka. "Mke mwenzangu, kumbe umeanza kukua!"

Kwa msiojua utani wetu, bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, na mume wangu ni "mume wetu". Lakini ni lile neno "kukua" lililonikaa. Mjini neno tunalolijua ni kuchakaa.

Picha ambazo hazikuwa na mtu

Jioni, tulipomaliza kula, Bibi akasema, "Nioneshe picha za harusi yako. Siku ile nilikuwa naona ukungu tu."

Nikafungua simu. Mimi na mume wangu. Wazazi. Wasimamizi. Keki. Kamati. Nikaendelea kuvuta picha kwa kidole, na kadiri nilivyovuta ndivyo tumbo lilivyozidi kunikaza. Bibi hakuwemo. Zaidi ya picha mia mbili, na bibi aliyenilea likizo zote za utoto wangu hayumo hata moja.

Haikuwa bahati mbaya. Hili sijawahi kuliandika popote. Bibi yangu ni Mmwera wa zamani. Usoni ana nembo, zile chale za mistari zilizopangwa kwenye mashavu na kipaji, na mdomo wake wa juu una tundu la ndonya, kile kipande cha mti walichovaa wanawake wa Kimwera, Kimakonde na Kimakua enzi zao. Nilipokuwa napanga harusi, niliogopa wageni wangu wa ofisini wangemshangaa. Nikamwambia mtu wa kamati amtafutie Bibi "sehemu tulivu". Sehemu tulivu ikawa meza ya nyuma kabisa.

Nikaanza kujieleza, mara mpiga picha, mara muda ulitubana. Bibi akaniwekea mkono gotini.

"Nilijua, mjukuu wangu. Meza yetu ilikuwa karibu na mlango wa jikoni. Sisi tulikula pilau la moto."

Nililia, sina haja ya kuficha. Yeye akaniacha nilie, halafu akanisimulia habari zake.

Bibi hajui tarehe aliyozaliwa. Anachojua ni kwamba matingatinga ya Waingereza yalipofika Nachingwea kwa mradi wa karanga, yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mradi ule ulikuwa mkubwa ajabu. Reli ilijengwa kutoka pwani ya Mtwara hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na uhuru ulipopatikana reli nayo haikukaa sana, ikafungwa. "Treni ilikuja ikazeeka ikafa," anasema Bibi. "Mimi nipo."

Nembo zake alichanjwa akiwa msichana. Aliumwa, lakini alizitaka mwenyewe, maana bila nembo hakuna aliyekugeuzia shingo. Babu, anavyosimulia, alizisikia sifa za uso wake kabla hajamuona, akahamia kwao kama ilivyo desturi ya Wamwera, mume kwenda kuishi upande wa mke. Bibi alikuwa ndiye mrembo wa kijiji.

Kisha dunia ikageuka. Ndonya zikavuliwa, wasichana wakaacha kuchanjwa. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na vuguvugu la kisomo likaenea. Bibi alipoingia darasani kujifunza kusoma, vijana wadogo wakawa wanamcheka uso.

"Mimi uzuri wangu uliisha muda sijafika hata miaka thelathini," akaniambia. "Sura ni ile ile, ila watu walibadilisha macho. Nikajifungia ndani wiki nzima. Halafu nikaona shamba linaota majani, na watoto wanataka kula. Nikatoka. Na kusoma nikajua."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimekaa miaka minne nikiogopa siku ambayo watu wataacha kunigeukia. Bibi yangu aliifikia siku hiyo akiwa mdogo kuliko mimi, akaivuka, akaishi zaidi ya miaka hamsini upande wa pili. Tena akaishi vizuri! Mikorosho yake anaihesabu kama mtu wa mjini anavyohesabu akiba benki, na mingine aliipanda mama yangu alipozaliwa. Wasichana wanamfuata kuuliza mambo ya ndoa. Mgogoro wa mpaka wa shamba ukitokea, anaitwa aseme mti gani ulikuwa wapi. Hakuna anayemwita kwa sababu ya mashavu yake. Anaitwa kwa anayoyajua.

Hayuko peke yake

Ukitazama vizuri, wapo wengi. Bi Kidude wa Zanzibar, Fatuma binti Baraka, alianza kuimba akiwa msichana, lakini dunia ilimjua vizuri akiwa kikongwe. Tuzo ya WOMEX aliipokea mwaka 2005, na hadi uzeeni alipanda jukwaani na ngoma yake ya unyago. Alipofariki Aprili 2013, watu walikuwa bado wanabishania umri wake. Kenya, Wangari Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 akiwa na miaka 64. Na yule mkunga wa Kenya, Priscilla Sitienei, maarufu kama Gogo, alikuwa na miaka 90 tayari dunia ilipomsikia, akiwa amevaa sare na kukaa darasa la shule ya msingi pamoja na vitukuu vyake.

Sasa wewe wa miaka 33 unayesema umechelewa kuanza shahada ya pili, unamwambia nani?

Tusidanganyane

Sitaki kuupamba uzee kama tangazo la sabuni. Magoti ya Bibi yanauma asubuhi. Babu hayupo. Pensheni hana, kama wakulima wengi wa umri wake. Anategemea korosho na watoto. Na zipo sehemu za nchi yetu, hasa Kanda ya Ziwa, ambako wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu, wakati wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni walizopikia familia zao miaka yote. Tunasema utu uzima dawa, lakini tuliowaweka meza ya nyuma ni wengi.

Kwa hiyo kuukubali uzee kunaanza na namna unavyomtendea aliyetangulia. Ukimuonea aibu bibi yako leo, unajitengenezea aibu yako ya kesho.

Na yule mume wetu?

Niliporudi Dar nilimsimulia kila kitu, pamoja na lile la meza ya nyuma. Alikaa kimya, kisha akakiri lake. Kumbe yeye kila Jumatatu hujifungia chooni kwake ofisini na kioo kidogo, anang'oa mvi za kidevuni, anaogopa vijana wapya kazini wataanza kumwita mzee! Tulicheka mpaka machozi. Wawili kwenye nyumba moja, kila mtu anamficha mwenzake kitu kile kile.

Wapenzi na wanandoa, hili lizungumzeni. Umri hauingii kwa mke peke yake.

Ya kuanza nayo mwezi huu

*Rangi si dhambi, ila iwe hiari.* Ukipenda kupaka, paka, lakini jaribu kidogo kwenye ngozi siku mbili kabla. Rangi nyingi nyeusi, pamoja na piko, zina kemikali iitwayo PPD ambayo huwaletea watu wengine mzio mkali.

*Achana na mikorogo.* Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na zebaki huharibu figo. Ngozi iliyochubuliwa haimrudishi mtu ujana.

*Ujue mwili wako.* Pima presha na sukari, na fanya uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi. Kwa wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na baada ya hapo mifupa hudhoofika haraka zaidi, hivyo anza sasa kutembea na kufanya mazoezi.

*Panda mikorosho yako.* Iwe akiba, kiwanja, hisa au mfuko wa hifadhi ya jamii. Mkorosho hauzai mwaka unaopandwa, na wala akiba ya uzeeni haianzwi ukiwa na miaka 59.

*Mtafute mwanamke mmoja aliyekuzidi miaka ishirini.* Shangazi, jirani, bosi mstaafu. Muulize alivukaje umri wako, halafu nyamaza usikilize.

Picha ya ukutani

Siku ya kuondoka Chinongwe nilimwomba Bibi tupige picha. Akaingia ndani, akatoka na khanga mpya, akakaa wima kama malkia. Mimi kichwa wazi na mvi zangu, yeye na nembo zake. Filta sikuweka.

Akaishika simu karibu na jicho lake jipya, akaikagua kwa makini sana.

"Nimetoka vizuri," akasema. "Wewe ungecheka kidogo."

Iko sebuleni kwetu sasa, ukutani, juu kidogo ya ile ya harusi. Mgeni akiingia na kuuliza yule ni nani, mume wangu ndiye anayewahi kujibu: "Huyo ni mke wangu mkubwa."