Hospitali Ipi Itatufaa Siku ya Haja?

Mara nyingi tumeliona jambo hili katika nyumba za Wakristo wenzetu. Mgonjwa amelala kitandani, usiku umeingia, na jamaa wanashindana mlangoni. Huyu asema, "Twende hospitali kubwa ya mjini, ina sifa." Yule asema, "La, twende ya misheni, ndiyo yetu." Na huku saa zinapita.

Tulimjua baba mmoja ambaye mkewe alishikwa na utungu. Karibu nao palikuwa na hospitali ya wilaya, yenye chumba cha upasuaji na akiba ya damu. Lakini baba yule aliidharau kwa kuwa majengo yake yamechakaa, akatafuta gari la kwenda mjini, mwendo wa saa nne. Mama alijifungua njiani, na damu haikukoma. Mtoto yu hai hata leo; mama tulimzika. Hatusemi haya ili kumhukumu aliyefiwa, bali ili wengine waokoke.

Basi neno letu ni hili: hospitali njema si ile yenye jina kubwa, bali ile iwezayo kuutibu ugonjwa uliopo, na kufikiwa kabla wakati haujapita.

Katika Tanzania hospitali zimepangwa kama ngazi. Chini iko zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya na ya mkoa. Juu yake ziko hospitali za rufaa za kanda, kama KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, zilizofunguliwa mwaka 1971. Na juu kabisa iko Muhimbili, Dar es Salaam. Mtoto mwenye homa asipelekwe mbali kwanza: zahanati hupima malaria kwa tone la damu, na jibu hupatikana kwa dakika 20 hivi. Akizidiwa, watampa barua ya rufaa.

Lakini uzazi wataka kufikiriwa mapema. Kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa ni sababu mojawapo kubwa ya vifo vya akina mama ulimwenguni, nayo yaweza kuua kwa saa chache tu. Zahanati haina chumba cha upasuaji, na si kila kituo cha afya kinacho. Kwa hiyo mama aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, au aliyetokwa damu nyingi uzazi uliopita, azalie hospitali. Akaaye mbali aende siku chache kabla, akae kwa jamaa wa karibu na hospitali.

Enyi akina baba, ulizeni sasa, wakati nyumba ina amani. Je, hapo wapo wawezao kupasua usiku? Damu ipo? Njia hupitika wakati wa masika? Gari ni la nani, na nauli imewekwa wapi? Ni ndugu gani watakaotoa damu?

Msamaria mwema hakutafuta nyumba yenye sifa. Kwanza alimfunga majeruhi vidonda pale pale alipolala, kisha akampeleka mahali pa kutunzwa, akalipa gharama. Nasi tuwapendao wa nyumbani mwetu, na tufanye vivyo hivyo.