Antrenere mpya amefika: tumfukuze lini?

Kwetu Panda, hapa Likasi, kuna muti wa maembe nyuma ya kanisa. Siku ya Mungu, kisha Misa, wamama wanarudi nyumbani kupika bukari, lakini wababa na vijana wanabaki chini ya ule muti. Kuna benchi mbili za mbao, na mama mmoja anauza vitumbua. Pale ndipo TP Mazembe inapoongozwa. Wakubwa wa ekipe wako Lubumbashi, kilometa 120 toka hapa, wanafikiri kwamba wao ndio wanaoamua. Hawajui.

Mwandishi wa mistari hii amekaa kwenye benchi zile miaka mingi, na ameona maantrenere wakifika na wakienda. Mabishano ni yale yale. Ekipe ikishinda mchezo wa kwanza wa antrenere mpya, vijana wanasema: «Sasa tuko na antrenere! Ule wa zamani alikuwa anatuchezea.» Mchezo wa pili ukiwa sare, maneno yanaanza: «Juu ya nini hatiake ule mutoto pa avansi? Anamuona pa benchi na anamuacha!» Mchezo wa tatu, wakishindwa, sauti moja inatoka pale nyuma: «Afukuzwe!» Na wengine wanaitika kama vile katika litania.

Kati ya watu hawa kuna mzee mmoja asiyeitika. Alifanya kazi ya shaba miaka 27. Kofia yake ni nyeusi na nyeupe, rangi za Mazembe, na akiwa na betri za radio hakosi mchezo hata mmoja. Lakini neno «Afukuzwe!» halijatoka kinywani mwake. Siku moja kijana mmoja anayechimba mawe ya shaba akachoka na ukimya ule.

– Papa, weye haupendi ekipe? Tunashindwa, na weye unanyamaza tu!
– Mwaka 2010 ulikuwa na myaka ngapi?
– Kenda.
– Basi ikala. Nikuelezee.

Yale mzee aliyoeleza, wengi wetu tunayakumbuka, lakini vijana wetu wanayajua nusu nusu tu, kwa hiyo tunayaandika hapa. Mwaka 2009, pamoja na antrenere Diego Garzitto, Mazembe ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1968, wakati ekipe ilipoitwa Englebert. Furaha ilikuwa nyingi, lakini mwezi wa 12 wa mwaka ule tulikwenda Abu Dhabi, kwenye kombe la dunia la ma-klabu, tukapigwa mara mbili: 2-1 na Pohang Steelers wa Korea ya Kusini, kisha 3-2 na Auckland City wa New Zealand. Ekipe ikarudi kichwa chini.

Mwaka 2010 mambo yakaharibika zaidi. Mwezi wa 5, katika kombe la Kagame kule Kigali, Trésor Mputu na Guy Lusadisu walimshambulia mwamuzi. FIFA ikamkataza Mputu kucheza mwaka mzima, na Lusadisu miezi 11. Mputu! Mutoto ambaye watu walikuwa wanaamka usiku kwa kumwota. Na mwaka ule ule Garzitto akaondoka, akafika Lamine N'Diaye wa Senegal.

– Hapa chini ya muti balisema nini? mzee akauliza. Balisema: Mputu haiko, antrenere ni mugeni, tumekwisha. Na miye pia nilisema vile. Nisiseme bongo.

Tarehe 31 mwezi wa 10, Lubumbashi, mchezo wa kwanza wa finali ya Afrika: Mazembe 5, Espérance ya Tunis 0. Mchezo wa kurudiana, Tunisia, 1-1. Tukarudi Abu Dhabi. Pachuca wa Mexico wakapigwa 1-0. Internacional wa Brazili wakapigwa 2-0, na dunia yote ikamwona golikipa Robert Kidiaba akiruka-ruka uwanjani juu ya matako yake. Mpaka siku ile, hakuna ekipe hata moja nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini iliyofika finali ya kombe lile. Tarehe 18 mwezi wa 12 Inter ya Milano wakatushinda 3-0. Hapa Panda tulitazama mchezo katika kiwanja cha jirani mmoja mwenye groupe na televizio ndogo. Groupe ilizimika mara mbili kwa kukosa esansi. Wengine wanasema mpaka leo kwamba magoli yote ya Inter yaliingia wakati ilipozimika, kwa hiyo hawayahesabu.

– Sasa sikia, mzee akasema. Antrenere wa Inter, ule aliyetushinda, alifanyiwa nini?

Hakuna aliyejua. Ni hivi: Rafael Benítez alinyanyua kombe la dunia tarehe 18, na tarehe 23 ya mwezi ule ule hakuwa tena antrenere wa Inter. Siku tano. Alikuwa ameshindwa michezo mingi katika shampiona ya Italia, tena alisema mbele ya wandishi wa habari kwamba wakubwa wake wamununulie wachezaji, na wakubwa hawakupenda. N'Diaye aliyeshindwa katika finali ile alibaki Lubumbashi mpaka mwaka 2013.

Kijana wetu akakuna kichwa. Lakini hakukubali mara moja, na hapa lazima tumpe haki yake.

– Papa, kama Garzitto haangetoka, N'Diaye angefika namna gani? Si banabadirisha antrenere, na tunafika finali ya dunia?

Watu wakacheka sana, na mzee akacheka pia. Kwa kweli kijana alisema neno. Kuna antrenere anayepaswa kuondoka, na wakubwa wa ekipe wanaogoja mno wanaweza kuharibu mwaka mzima. Tusiseme kwamba kuvumilia ni dawa ya kila ugonjwa. Shida ya benchi yetu ni kwamba dawa yake ni moja tu kwa magonjwa yote. Mwaka 2011, kwa mfano, Mazembe iliwashinda Simba wa Dar es Salaam Lubumbashi, ikawashinda tena kule kwao. Simba wakashitaki juu ya Bokungu, kwamba makaratasi yake ya kutoka Espérance hayakuwa sawa, na CAF ikaiondoa Mazembe katika mashindano. Hayakuwa makosa ya mtu aliyepanga wachezaji uwanjani. Hata hivi, chini ya muti wa maembe, kuna waliosema siku ile: «Afukuzwe!»

N'Diaye alirudi Mazembe mwaka 2023. Mwaka 2024 akawa bingwa wa Kongo, na akaifikisha ekipe demi-finali ya Afrika, ambapo ilipata sare ya 0-0 na Al Ahly Lubumbashi, kisha Al Ahly wakaishinda 3-0 huko Cairo. Tuliimba jina lake. Miezi michache baadaye, katika mashindano ya 2024-2025, Mazembe ilikuwa ya mwisho katika kundi lake, nyuma ya Al Hilal, MC Alger na Yanga. Mtu alikuwa yule yule. Tuliacha kuimba.

Mzee hakusema zaidi juu ya mupira. Alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti.

– Mwaka 2003 balinipatia barua, akasema.

Wazazi wetu wote wanaujua mwaka ule. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa shaba walitoka kazini kwa mara moja. Ile iliitwa «départ volontaire», maana yake kuondoka kwa mapenzi yako mwenyewe. Mzee alipolitaja neno lile, hakuna aliyecheka.

– Mashini ilikuwa imezeeka. Bintu vya kutengeneza hapana. Myezi mingi hatukulipwa. Njo banasema: kazi haiendeki, batu ni bengi, mutoke. Miye nilikuwa natengeneza mapompi. Pompi haikukufa juu yangu. Lakini pompi haiwezi kupewa barua.

Akanyamaza kidogo.

– Kwa hiyo, munapolalamika «Afukuzwe», miye nasikia ile barua. Njo maana sisemi.

Kijana akajibu polepole, kwa heshima:

– Lakini, Papa, antrenere eko na feza mingi. Akifukuzwa, banamulipa. Hapana sawa weye.
– Ile ni kweli, mzee akasema. Ile ni kweli kabisa.

Wakati ule mama wa vitumbua, ambaye alikuwa anageuza mafuta yake bila kusema neno, akaingia. Alisema kwamba yeye hana taabu na antrenere. Ana taabu na wababa. Siku Mazembe inaposhindwa, nyumbani kwake mutoto hana ruhusa ya kucheka, na chakula kinarudi jikoni kama kilivyotoka. «Na munaweka feza ya bunga pa pari! Antrenere akifukuzwa, bunga itarudia?» Kijana akatazama viatu vyake. Tulijua wote kwamba posho ile iliyopita alikuwa ameweka mapato ya siku sita za kuchimba juu ya mchezo mmoja, na mchezo ule uliisha sare.

Hapa mtu mmoja wa Lupopo, mwenye shati la bluu na njano, akapata nafasi ya kutucheka. Baba yake alifanya kazi ya reli, na Lupopo ni ekipe ya watu wa reli tangu mwaka 1939. Alisema kwao hawagombani juu ya maantrenere, maana wamezoea. Bingwa wa Kongo mara ya mwisho walikuwa mwaka 2002. Mzee akamkumbusha kwamba Mazembe pia ilizaliwa mwaka 1939, kwa mapadri Wabenediktini, juu ya wanafunzi wasiokuwa na wazo la kuwa mapadri. Kwa hiyo makelele haya yote nyuma ya kanisa yako na mizizi. Wakabishana tena, safari hii juu ya derby ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka vizuri hesabu ya magoli yake.

Mvua ikaanza. Watu wakachukua viti vyao. Kijana alinunua vitumbua vitano, akamupa mzee vitatu, na akamuuliza kama siku ya kazi tatu radio yake itakuwa na betri. Mzee akasema betri moja iko, ya pili alete yeye.