Kromatografia: Kutoka nukta ya wino hadi tiba ya mtoto wa Birmingham

Wino mweusi mara nyingi si rangi moja, bali ni mchanganyiko wa rangi kadhaa. Mtoto wa shule anaweza kulithibitisha jambo hilo kwa dakika chache, akitumia kalamu, maji na kipande cha karatasi. Njia hiyo huitwa kromatografia, na ndiyo iliyowasaidia madaktari wa Birmingham, nchini Uingereza, kuugundua ugonjwa uliokuwa ukiharibu akili za watoto.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Hukatwa ukanda mwembamba wa karatasi ya kuchujia, na juu kidogo ya ncha yake ya chini hutiwa nukta ya wino unaoyeyuka katika maji. Ncha hiyo hutumbukizwa katika glasi yenye maji kidogo, lakini nukta yenyewe isiguse maji. Maji hupanda kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi, yakiubeba wino. Rangi inayoshikamana sana na karatasi hubaki nyuma, na ile inayoyafuata maji kwa wepesi hufika mbali. Hatimaye kila rangi huonekana mahali pake.

Mwaka 1944 watafiti wa mjini Leeds, akiwemo Archer Martin, walieleza jinsi karatasi inavyoweza kutenganisha asidi amino, yaani vijenzi vya protini. Kwa kuwa vitu hivyo havina rangi, karatasi hupuliziwa kemikali iitwayo ninhidrini, ndipo madoa ya zambarau yajitokezapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Dokta Horst Bickel wa Hospitali ya Watoto ya Birmingham aliitumia njia hiyo kupima mkojo wa watoto. Kwa msichana mmoja mdogo alikuta asidi amino iitwayo fenilalanini imezidi mno. Huo ni ugonjwa wa kurithi wa fenilketonuria. Mwili hushindwa kuibadili fenilalanini, iliyomo katika maziwa, nyama na maharage, nayo hulimbikizana na kuudhuru ubongo. Msichana huyo hakuweza kusimama, kutembea wala kusema. Mama yake hakuridhika na kutajiwa ugonjwa tu. Alirudi tena na tena kuwauliza madaktari tiba iko wapi.

Bickel na wenzake, Evelyn Hickmans na John Gerrard, walitayarisha chakula maalumu. Protini ya maziwa iliyokwisha kuvunjwavunjwa ilipitishwa katika mkaa, ambao huinasa fenilalanini. Kanuni ni ile ile ya ukanda wa karatasi: kingine hushikwa, kingine hupita. Baada ya miezi kadhaa mtoto alijifunza kutambaa na kusimama. Fenilalanini iliporudishwa katika chakula chake, hali yake ilizorota upesi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1953 katika jarida la Lancet.

Hata hivyo, msichana huyo hakupona kabisa, kwani ubongo wake ulikuwa umekwisha kudhurika. Ndiyo sababu leo nchini Uingereza watoto wachanga hupimwa matone ya damu ya kisiginoni siku chache tu baada ya kuzaliwa. Wanaogunduliwa na ugonjwa huo mapema, na kufuata lishe yao, hukua na kusoma kama wenzao.