Opereta za kimantiki katika Verilog

Opereta za kimantiki katika Verilog ni alama zinazounganisha masharti na kutoa jibu la kweli (1) au si kweli (0). Verilog ni lugha ya kuelezea maunzi: maandishi yake hayafuatwi hatua kwa hatua kama programu ya kawaida, bali hugeuzwa kuwa saketi. Ilibuniwa Marekani miaka ya 1983–1984, ikawa kiwango cha IEEE mwaka 1995. Mantiki yake inatokana na aljebra ya Mwingereza George Boole (1815–1864).

Opereta zenyewe ni tatu: && (na), || (au) na ! (si). Chukua mfano wa mfereji wa Marangu, ule ambao Wachagga huuita mfongo na ambao maji yake hugawanywa kwa zamu. Kama lango lake lingefunguliwa na mota, sharti lingeandikwa hivi:

assign fungua = zamu && !mvua;

Yaani lango lifunguke ikiwa ni zamu ya shamba hilo na mvua hainyeshi.

Wanafunzi wengi huchanganya && na &. Opereta & hulinganisha biti kwa biti, lakini && hutazama namba nzima, na namba yoyote isiyo sifuri huhesabiwa kuwa kweli. Tuseme A ni 1010 na B ni 0101. A & B hutoa 0000, kwa kuwa hakuna nafasi ambayo zote mbili zina 1. A && B hutoa 1. Vilevile !A hutoa 0, ilhali ~A hutoa 0101, ambayo ni kweli! Kompyuta haikatai, kwani maandishi yote ni halali kisarufi. Kosa lisipoonekana katika majaribio huingia ndani ya chipu, na chipu iliyokwisha kuchongwa haifutiki (isipokuwa zile za FPGA, ambazo hupangwa upya).

Biti ya Verilog ina hali nne: 0, 1, x (haijulikani) na z (waya usioendeshwa na chochote). Waya wa kihisi cha mvua ukikatika, mvua huwa z na !mvua huwa x. Zamu ikiwa 0, jibu ni 0 tu. Zamu ikiwa 1, jibu ni x. Tatizo ni kwamba "if" huichukua x kama si kweli, hivyo katika majaribio lango huonekana limefungwa salama, wakati saketi halisi inaweza kulifungua.

VHDL, lugha nyingine ya aina hii, hutumia maneno and, or na not, na haikubali and na or zichanganywe bila mabano. Katika Verilog && hutangulia ||, hivyo a || b && c ni sawa na a || (b && c). Hata hivyo ni afadhali kuweka mabano.