Mama Aliyeketi Sakafuni

Heshima ya mama haihitaji kiti cha enzi. Jambo hilo lilidhihirishwa na Rembrandt, mchoraji mashuhuri wa Uholanzi, katika picha ndogo aliyoichapa mjini Amsterdam mwaka 1654.

Katika karne ya 17, zama ambazo wataalamu wa sanaa huziita Baroko, wachoraji wengi wa Ulaya walimwonyesha Bikira Maria juu ya mawingu, amezungukwa na malaika. Rembrandt alimketisha sakafuni, katika chumba cha kawaida, amempakata mtoto Yesu shavu kwa shavu. Paka anachezea pindo la vazi lake. Nyoka, alama ya dhambi, anatambaa miguuni pake. Yusufu anachungulia kutoka nje, na vioo vya dirisha ndivyo vinavyomzungushia Maria nuru kichwani. Utakatifu, basi, umo nyumbani, katika kazi ya kulea.

Picha ya namna hiyo huanzia kwenye bamba la shaba lililopakwa nta. Mchoraji hukwaruza mistari kwa sindano, kisha tindikali ikala shaba mahali palipokwaruzwa. Mistari hujazwa wino, na karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake. Kwa kuwa bamba moja hutoa nakala nyingi, picha za chapa ziliuzwa kwa bei nafuu kuliko michoro ya rangi, na watu wengi zaidi wakaweza kuwa nazo majumbani.

Rembrandt aliyajua machungu ya uzazi. Mkewe, Saskia, alizaa watoto 4. Watatu walikufa wangali wachanga, akasalia Titus peke yake, aliyezaliwa mwaka 1641. Mwaka uliofuata Saskia mwenyewe akafariki dunia.

Mwaka ule ule wa 1654, Hendrickje Stoffels, aliyeishi na Rembrandt bila ya ndoa, alikuwa mjamzito. Baraza la kanisa lilimwita, likamkaripia na kumzuia kushiriki Meza ya Bwana. Adhabu hiyo ilimwangukia yeye, si Rembrandt. Mwezi wa Oktoba binti yao, Cornelia, akabatizwa.

Mama wa kwenye karatasi alipewa nuru ya dirisha; mama aliyekuwa hai alipewa karipio. Ndugu msomaji, kumtukuza mama katika picha ni jambo jema. Lakini kipimo cha heshima yetu ni jinsi tunavyomtendea yule aliye mjamzito na asiye na mtetezi.