Nyonga Bandia ya Mbwa Inapolegea

Kobalti inayochimbwa Dilala na kwingineko Kolwezi, nchini Kongo, wengi huijua kwa betri. Wachache wanajua kwamba kobalti huingia pia mwilini. Kichwa cha nyonga bandia, ya mtu au ya mbwa, mara nyingi ni aloi yenye kobalti zaidi ya asilimia 60, pamoja na kromu na molibdeni. Mbwa walianza kuwekewa nyonga bandia zinazouzwa Marekani miaka ya 1970. Wanaozihitaji zaidi ni mbwa wakubwa kama German shepherd, aina ambayo nyonga zake mara nyingi hukua vibaya.

Aloi hiyo haishiki kutu kirahisi. Tatizo mara nyingi huanzia jirani yake. Kichwa cha chuma huzunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, na plastiki hulika polepole ikitoa vumbi ambalo chembe zake nyingi ni ndogo kuliko seli ya damu. Seli za kinga hulimeza, hushindwa kulisaga, kisha hutoa kemikali zinazoamsha seli za kula mfupa. Mfupa hukonda, shina lililozama kwenye paja hutikisika, na mbwa aliyekuwa akikimbia anarudi kuchechemea. Nyonga nyingine huharibika kwa kuteguka, kwa paja kuvunjika au kwa vijidudu.

Kurudia operesheni ni kazi ngumu kuliko ile ya kwanza. Daktari hupita kwenye kovu nene, huchukua sampuli za kuoteshwa maabara, kisha hung'oa nyonga bandia. Shina likiwa limeshikamana vizuri na mfupa, hulazimika kuupasua mfupa wa paja kwa urefu, alitoe, na kuufunga tena kwa waya. Likiwa lilishikizwa kwa saruji, saruji hiyo ya zamani hubanduliwa kipande kwa kipande kwa patasi ndogo, maana pigo moja baya hutoboa mfupa uliokwisha kuwa mwembamba. Shimo la kikombe likiwa limepanuka, hujazwa mfupa wa kupandikiza kabla ya kuwekwa kikombe kikubwa zaidi.

Kukiwa na vijidudu, kwa kawaida hutolewa kila kitu na hakirudishwi chochote. Naona uamuzi huo ni wa busara, wala si wa kukata tamaa: misuli na kovu hushika nafasi ya kiungo. Mguu hubaki mfupi kidogo, lakini mbwa wengi hutembea bila maumivu makubwa, hasa wasipoachwa wanenepe.